Kazi ya resepsioni usiku: hoteli za Beni ziache kuajiri gizani

Hapa Beni, na hata Butembo na Oicha, mara nyingi mtu wa kushika resepsioni ya hoteli usiku anapatikana kwa njia moja. Tajiri anapiga simu kwa binamu yake. Binamu akikosekana, sentineli anaambiwa jioni: "Kuanzia leo utashika pia funguo za vyumba." Hakuna tangazo linalobandikwa ukutani wala linalosomwa kwenye radio. Asubuhi wakaaji wanaona tu sura mpya nyuma ya meza, na kazi imekwisha kupewa mtu.

Kwa wengi hilo ni jambo dogo. Hoteli ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali anachagua mtu anayemtaka. Lakini katika mji ambao maelfu ya familia wamekimbilia tangu mauaji yaliyoanza mwezi wa kumi mwaka 2014, mji ambamo kazi ya mshahara ni haba kama maji ya kiangazi, namna ya kutoa kazi hiyo moja inagusa watu wengi kuliko tajiri na binamu yake. Inagusa kijana mwenye diploma ya serikali anayelala chini ya bashi katika site ya wahami. Inagusa mama mjane aliyekuwa na duka Mbau au Eringeti, anayejua hesabu kuliko wengi. Inamgusa pia mgeni anayelala ghorofani, asiyejua kama mtu wa chini anaweza kumwamsha moto ukiwaka.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wanafikiri resepsioni ya usiku ni kukaa kwenye kiti, kusinzia, na kufungua mlango mara mbili. Aliyewahi kuifanya anajua si hivyo. Saa moja jioni anapokea zamu: anahesabu funguo, anahesabu makuta yaliyo kwenye sanduku, faranga upande wake na dola upande wake, kisha anatia sahihi pamoja na yule anayeondoka. Bila hesabu hiyo, kosa lolote la mchana litalipwa na mtu wa usiku.

Halafu wageni wanaingia. Wengine wamechelewa barabarani juu ya matope au juu ya vizuizi. Anaandika majina yao katika kitabu, anaangalia vitambulisho, anajaza karatasi ambazo watu wa uhamiaji na wa usalama wanaweza kuomba kesho yake. Mmoja analipa kwa simu, mwingine anatoa noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni. Kila Mkongomani anajua noti hiyo hakuna atakayeipokea kesho sokoni. Mtu wa resepsioni lazima aikatae kwa heshima, saa nne ya usiku, mbele ya mgeni aliyekwisha kunywa.

Umeme unakatika. Anamwita mtu wa jenereta na anaangalia kama mafuta yanatosha hadi saa kumi na moja. Mgeni wa chumba cha juu anaugua. Mwingine anataka kuamshwa saa kumi ya alfajiri ili awahi gari la Butembo. Mwingine anarudi na msichana ambaye kwa macho tu anaonekana hajafikisha miaka 18, na anaweka noti mezani ili pasiwe maneno. Wakati huo tajiri amelala nyumbani kwake, meneja amezima simu. Yule mtu mmoja nyuma ya meza ndiye anayeamua peke yake.

Kwa hiyo swali la nani anaajiriwa hapo, na kwa njia gani, ni swali la usalama wa watu. Wenye hoteli wanaweka pesa nyingi kwenye ukuta, vyuma vya madirisha na mlango wa geti. Kisha funguo zote za ndani wanampa mtu ambaye hawakumwuliza hata swali moja.

Somo ambalo Beni ililipa kwa bei kali

Mji huu una sababu yake ya kuogopa kazi zinazotolewa gizani. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, mashirika yalikuja kwa wingi, hoteli zikajaa, na kazi zikawa nyingi kwa muda: wapishi, wafagiaji, madereva, wahamasishaji. Ugonjwa ulitangazwa umekwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, baada ya watu 3 470 kuugua na 2 287 kufariki. Miezi michache baadaye, mwezi wa tisa 2020, wanawake wa Beni walianza kusema mbele ya waandishi wa habari jambo ambalo mitaani lilikuwa likinong'onwa: kazi nyingine zilitolewa kwa sharti la kulala na mwanaume anayeajiri.

Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wanawake wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mama wa hapa kwetu Kongo anayejulikana kwa kutetea wanawake waliotendewa jeuri. Ripoti yao ya mwezi wa tisa 2021 ilitaja watu 83 waliotuhumiwa, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe.

Ripoti hiyo haikuwa juu ya hoteli za Beni kama biashara, na si haki kuwabebesha wenye hoteli wote mzigo wa watu wengine. Lakini kuna mambo mawili ambayo kila mwenye hoteli anaweza kujifunza humo. La kwanza: pale ambapo kazi haitangazwi, haina masharti yaliyoandikwa, na mtu mmoja pekee ndiye anasema "wewe ndiyo, wewe hapana", mwenye njaa anabaki mikononi mwa mtu huyo. La pili: jeuri ya namna hiyo inahitaji chumba na mlango unaofungwa. Mtu wa resepsioni anayejua haki yake, asiyeogopa kufukuzwa asubuhi, anaweza kukataa kutoa ufunguo. Yule aliyepata kazi kwa kuomba huruma hawezi kukataa kitu.

Sheria inasema nini

Wengine watasema sheria ni ya Kinshasa na hapa ni vita. Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 na iliyorekebishwa mwaka 2016, haikuandika kwamba Beni iko nje. Inasema kazi ya usiku ni ile inayofanywa kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Inaweka kiasi cha masaa 45 kwa juma. Inataka kontra iandikwe. Inaweka mpaka wa muda wa majaribio: mwezi mmoja kwa kazi isiyo na ufundi, na si zaidi ya miezi sita kwa nyingine.

Sasa hesabu. Mtu anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba kwa juma, anafanya masaa 84. Hiyo karibu ni kazi ya watu wawili. Matajiri wanajibu kwamba usiku mtu hafanyi kazi, anangoja tu. Lakini yule anayengoja hawezi kwenda kulala na watoto wake, hawezi kuzima taa, na kitu kikipotea ndiye wa kwanza kuulizwa. Kungoja kwa namna hiyo ni kazi.

Kuhusu mshahara, amri ya mwaka 2018 iliweka kiwango cha chini kabisa kuwa faranga 7 075 kwa siku, na mwaka 2025 serikali ilikipandisha hadi 14 500. Kwa siku 26 za kazi, kiwango hicho cha mwaka 2025 kilifika faranga 377 000 kwa mwezi. Kila familia yenye mtoto anayefanya kazi hotelini iweke namba hiyo pembeni ya kile mtoto analeta nyumbani, kisha ijionee yenyewe tofauti.

Kuna pia desturi ya "staji" isiyo na mwisho. Kijana anaambiwa ajifunze kwanza. Mwezi unapita, miezi mitatu inapita, anashika resepsioni usiku peke yake, anapokea makuta ya wageni, lakini bado ni mwanafunzi ambaye anapewa tu ya sabuni. Anayeachiwa sanduku la makuta peke yake usiku kucha amekwisha kujifunza. Huyo ni mfanyakazi, na mfanyakazi analipwa.

Woga wa wenye hoteli

Ni haki kusikiliza pia upande wa pili. Wenye hoteli wengi si watu wabaya, na mzigo wao ni mkubwa. Kodi ni nyingi, mafuta ya jenereta ni ghali, na wageni wanapungua kila mara barabara inapofungwa. Tena wanasema: "Mhami hatumjui. Ametoka wapi? Nani anamdhamini? Katika mji huu ambao adui anaingia usiku, namna gani nimpe funguo mtu nisiyemjua baba yake?"

Woga huo una sababu. Watu wa Beni wamezika wengi. Lakini waliokimbia Kainama, Mavivi au vijiji vya karibu na Oicha ndio walichomewa nyumba na wauaji hao hao. Kumtazama mhami kana kwamba yeye ndiye hatari ni kumwadhibu mara mbili. Dawa ya woga ni kuuliza maswali yale yale kwa kila mwombaji, awe mwenyeji au mhami: ulikaa wapi, ulifanya kazi wapi, nani anakufahamu, tunaweza kumpigia nani simu?

Na ule usalama wa kuajiri ndugu, je? Ndugu akipunguza makuta ya sanduku, tajiri atamshtaki wapi? Suala linapelekwa kwa wazee wa familia, shangazi analia, mambo yanafunikwa. Ndugu akichelewa, nani atamwandikia barua ya onyo? Wengi wenye biashara katika mji huu wanajua kwa siri kwamba mfanyakazi mgumu kuliko wote kumkemea ni yule anayekuita mjomba. Mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele, kwa kontra, anaweza kukemewa kwa kontra ile ile.

Kuhusu vitambulisho, shida ni ya kweli. Katika nchi yetu kadi ya mpiga kura ndiyo inashika nafasi ya kitambulisho, na kadi nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Lakini karatasi ya kuthibitisha upotevu inatolewa na watawala wa mahali. Rais wa kamati ya site, mchungaji au padri, mwalimu wa zamani, familia inayompokea mhami, wote hao wanaweza kusema wanachojua juu yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wahami wa ndani zinakumbusha kwamba mhami ana haki ya kutafuta kazi kama raia mwingine, na haki ya kupata tena vitambulisho vyake. Mhami wa ndani ni Mkongomani ndani ya Kongo, na kazi anayoomba haipaswi kuitwa sadaka.

Namna inayowezekana

Hakuna anayeomba hoteli ya vyumba kumi ifanye kama hoteli za Kinshasa. Yafuatayo yanawezekana hata kwa mwenye hoteli ndogo.

Kwanza, kazi itangazwe. Karatasi moja kwenye geti, nyingine kwa chifu wa kartie, nyingine kwenye site ya wahami, na maneno machache kwenye radio ya mji. Karatasi iseme masaa, mshahara, lugha zinazohitajika na siku ya mwisho ya kuleta barua. Mshahara usipoandikwa, tangazo hilo bado ni giza.

Pili, waombaji wapewe mtihani wa kazi yenyewe badala ya mtihani wa ukoo. Wapewe kitabu waandike mgeni mmoja. Wahesabu makuta yaliyochanganywa, faranga na dola. Waulizwe: umeme ukikatika utaanza na nini? Mgeni akirudi na mtoto, utasema nini? Askari akigonga saa nane ya usiku na kutaka kitabu cha wageni, utamwita nani? Msichana aliyeuza dagaa sokoni miaka mitano, akazoea Kinande, Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kidogo, anaweza kushinda mwenye diploma asiyeweza kumtazama mteja usoni.

Tatu, wanaochagua wasiwe mtu mmoja, tena mahojiano yafanyike mchana, mlango ukiwa wazi, na mwanamke mmoja awe kati ya wanaouliza. Baada ya yale Beni iliyoyaona, kumwita msichana chumbani au baa "kuongea juu ya kazi" kungepaswa kumwaibisha kila mtu.

Nne, usiku asiwekwe mtu peke yake. Resepsioni na sentineli wawe watu wawili tofauti, na kila mmoja ajue kazi ya mwenzake. Pale mwanamke anapochaguliwa, na kuna sababu nyingi za kumchagua, asiachwe mpweke na wageni walevi. Mtoto wa chini ya miaka 18 asiwekwe kabisa usiku.

Tano, zamu ibadilishwe kukiwa bado na mwanga. Kumruhusu mtu atoke saa kumi ya usiku arudi kwa miguu hadi pembeni ya mji ni kumtuma kwenye hatari. Aingie kabla giza halijashika, atoke jua likiwa limechomoza, na apewe chakula cha usiku. Sahani ya wali na maharage haitafilisi hoteli.

Sita, maagizo yaandikwe na kubandikwa nyuma ya meza: namba za simu za polisi, za hospitali, za tajiri na za meneja, mahali pa kizimamoto, na neno moja wazi kwamba mfanyakazi anayekataa kumwingiza mtoto chumbani na mtu mzima hatafukuzwa, hata mgeni huyo awe mkubwa namna gani. Neno hilo liwe na sahihi ya tajiri. Bila sahihi hiyo, ujasiri wote unabaki mgongoni mwa mtu maskini.

Neno kwa familia zinazotafuta kazi

Wazazi na vijana nao wana sehemu yao. Asiwepo mtu wa kutoa makuta ili apate kazi. Ile "operesheni retur", ambayo mtu anakutafutia kazi halafu kila mwezi unamrudishia sehemu ya mshahara, ni wizi hata kama mwenye kuifanya ni jirani mwema. Anayeombwa pesa, au anayeombwa mwili wake, amwambie mtu siku hiyo hiyo: mzazi, rais wa kamati ya site, mashirika yanayotetea wanawake, redaksio ya radio. Kunyamaza ndiko kulikowasaidia wale waliotajwa na tume ya mwaka 2021.

Kabla ya kukubali kazi, kijana aulize mambo manne: naingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, nalipwa kiasi gani na tarehe gani, nani anapokea zamu yangu, na makuta yakikosekana hesabu inafanywa namna gani. Ayaandike. Tajiri asiyetaka kuyajibu mchana hatayajibu usiku. Tena kijana anayepata kazi aitunze: asilale mezani, asikope kwenye sanduku, asitoe siri za wageni kwa marafiki. Mhami wa kwanza anayefanya kazi vizuri anafungulia wengine mlango, na anayeiba anawafungia.

Kazi hii haiwezi kubaki kwa wenye hoteli peke yao. Inspeksheni ya kazi ina haki ya kuingia na kuomba kuona kontra, na inaweza kufanya hivyo usiku mmoja tu ili wengine wasikie. Shirikisho la wenye biashara, FEC, linaweza kuwaita wanachama wake wenye hoteli wakubaliane karatasi moja ya tangazo na kontra moja fupi ya Kiswahili na Kifaransa. Mashirika yanayolaza wafanyakazi wao katika hoteli hizi, nayo yanalipa kwa dola, yana nguvu kuliko wote: kabla ya kulipia vyumba ishirini kwa mwezi mzima, yaulize kama mtu wa usiku ana kontra na kama analipwa. Shirika linalofundisha haki kwenye site mchana haliwezi kulala usiku katika hoteli ambayo mtu wa mlangoni hajalipwa tangu miezi mitatu.

Radio za mji pia zinaweza kutenga dakika tano kila juma kusoma matangazo ya kazi bure, na kukataa kusoma tangazo lisilotaja mshahara. Hilo peke yake lingeanza kubadilisha desturi, kwa sababu katika site za wahami betri ya radio inanunuliwa hata siku ambayo chumvi imekosekana.

Vita vikiisha, barabara zitafunguka na hoteli zitajengwa nyingine. Zitahitaji watu wengi wa kushika funguo usiku. Vijana wanaoweza kufanya kazi hiyo wamekwisha kuwa hapa, na wanajua kukesha, maana wamekesha miaka mingi wakisikiliza milio ya risasi. Kilichobaki ni kwa wenye hoteli kubandika karatasi kwenye geti na kuandika mshahara juu yake.